Gari Lina Leseni, Safari Haina Mwenyewe

Watu wa Pwani ya Kusini wenye umri wa kutosha wanakumbuka zama ambazo jina la Kenya Bus lilikuwa ndilo jina la usafiri. Kampuni hiyo ya mabasi ndiyo iliyoanza kuendesha kivuko cha Likoni mwaka 1937, ikaendelea nacho kwa miongo kadhaa kabla hakijaingia mikononi mwa umma na hatimaye kukabidhiwa Kenya Ferry Services, shirika lililoundwa mwaka 1989. Hata baada ya hapo mabasi yake hayakutoweka ng'ambo. Basi la namba 32, kati ya Likoni na Diani, lilitegemewa na wapishi, watunza bustani na walinzi wa hoteli. Sitaki kuyasifu mabasi hayo kupita kiasi. Yalijaa, yalichelewa, na aliyekaa Mkongani au Lukore hayakumfaa kitu. Ila yalikuwa na sifa moja iliyotutoka na ambayo hatujaipata tena: safari ilikuwa na mwenyewe. Kampuni ilifanya kazi kwa makubaliano na baraza la mji wa Mombasa, na makubaliano ya namna hiyo huwa na pande mbili. Mwenye basi hupewa nafasi ya upendeleo, naye hudaiwa ratiba. Faida ya saa za asubuhi, watu wanapobanana, ndiyo inayolipia basi la jioni linaloondoka na abiria saba.

Nikiitazama historia ya usafiri wetu tangu wakati ule, naona jambo moja likijirudia. Kila serikali ilipoamua kuweka mambo sawa barabarani, ililigusa gari: viti vyake, rangi yake, mwendo wake, sare za wahudumu wake, idadi ya magari katika chama chake. Safari yenyewe, yaani ahadi kwamba kutakuwa na gari saa fulani, kwenda mahali fulani, kwa nauli inayojulikana, haikuguswa. Ndiyo maana tuna sheria nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na bado muuguzi anayemaliza zamu usiku katika hospitali ya rufaa ya Msambweni hajui atafikaje kwake Ramisi.

Mgeuko wa kwanza ulikuja mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoagiza matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu iliyokuwa ikidaiwa na Bodi ya Leseni za Uchukuzi. Agizo lile lilikuwa na haki ndani yake. Mabasi hayakutosha, miji ilikuwa ikikua, na wenye matatu walikuwa wananchi wa kawaida waliokuwa wakikamatwa kwa kosa la kutoa huduma iliyohitajika. Kwa Kwale yetu, huku Pwani ya Kusini, faida ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa matatu iliingia njia za vumbi ambazo basi kubwa halikuthubutu. Lakini agizo liliacha mizani imeinama. Kampuni ya mabasi ilibaki na wajibu wake wote, na matatu zikawa huru kuchagua. Zilichagua saa nzuri na njia nzuri. Matatu ilipita mbele ya basi dakika chache kabla ya ratiba, ikawazoa waliokuwa wakisubiri, na basi likafika kwenye kituo kilichobaki na wazee na wanafunzi. Faida ya asubuhi ilipohamia kwingine, hapakuwa tena na cha kulipia basi la jioni. Sheria ya mwaka 1984 iliitambua matatu rasmi, ikadai leseni, bima na ukaguzi wa magari, bila kudai ratiba. Kampuni ya Stagecoach ya Uskoti ilinunua hisa za Kenya Bus mwaka 1991 ikaziuza mwaka 1998. Wapo wanaosema Kenya Bus iliuawa na uzembe wake. Uzembe ulikuwapo, sikatai, lakini hata meneja hodari kuliko wote hawezi kulipa hasara ya safari tupu kwa faida ambayo mwenzake amekwisha kuichukua.

Hapa ndipo inapofaa kusimama na kuutazama uchumi wa matatu kwa ndani, kwa kuwa lawama nyingi tunazowatupia madereva hutokana na kutoujua. Mwenye gari kwa kawaida halipi mshahara. Anadai hesabu. Tuseme hesabu ya siku ni shilingi 4,000: dereva na makanga watajaza mafuta, watalipa ada za stendi na gharama zote za njiani, ambazo baadhi hazina risiti, kisha watampelekea tajiri fedha zake. Kinachobaki ni chao. Kwa mpango huo, saa za kwanza za siku wanamfanyia kazi mwenye gari na saa za mwisho wanajifanyia wenyewe. Kila kiti kitupu ni hasara yao moja kwa moja, na kila dakika iliyookolewa njiani ni nafasi ya kuongeza mzunguko mmoja. Basi gari litakaa stendi ya Ukunda hadi lijae, hata nusu saa, na likishajaa litakimbia kama linafukuzwa. Tabia hizi mbili, kungoja na kukimbia, huonekana kama zinapingana, na zote zinazaliwa na hesabu ileile.

Pwani ya Kusini ina jambo linalozidisha hali hiyo, nalo ni maji. Kivuko cha Likoni kimekuwa kikivusha watu zaidi ya 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku, kwa makadirio yaliyozoeleka, na mtembea kwa miguu havuki kwa nauli. Kwa muda mrefu abiria aliyetoka kisiwani Mombasa aliiacha matatu yake upande wa kule, akavuka bure, akatafuta nyingine upande wa huku. Kwa hiyo watu hawafiki stendi ya Likoni mmoja mmoja kama wanavyofika kwingineko. Feri ikishusha mlango, mamia hutokea kwa mkupuo. Kwa dakika kumi magari hayatoshi na nauli hupanda mbele ya macho ya watu. Baada ya hapo stendi hupoa na magari hukaa yakingoja feri nyingine. Ikitokea feri moja ni mbovu, mkupuo huwa mkubwa na kimya kinachofuata huwa kirefu. Soko la namna hii haliwezi kujitengeneza lenyewe, kwa sababu abiria hana muda wa kulinganisha bei. Ana mtoto mgongoni na mzigo mkononi, mvua inanyesha, na gari lililo mbele yake ndilo gari pekee analolijua. Hapo mwenye kauli ni makanga. Mchumi yeyote atakubali kwamba ushindani hufanya kazi pale mnunuzi anapoweza kuondoka na kwenda kwa muuzaji wa pili. Pale Likoni jioni, abiria haondoki.

Kanuni zilizobeba jina la waziri John Michuki zilitangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Ziliagiza vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa wahudumu, na abiria 14 tu katika nisani, yaani matatu ndogo, ambayo awali ilishindilia zaidi ya ishirini. Nakumbuka matumaini yaliyozagaa nchini mwaka ule, na hayakuwa matumaini ya bure. Vifo vya barabarani, vilivyokuwa karibu 3,000 mwaka 2003, vilishuka mwaka uliofuata. Kisha vikaanza kupanda tena. Mwaka 2024 nchi ilipoteza watu zaidi ya 4,700. Idadi ya magari na pikipiki imeongezeka sana, kwa hiyo si haki kuilaumu kanuni moja kwa ongezeko lote hilo. Lakini kanuni ile ilipunguza mapato ya kila safari kwa kuondoa abiria waliozidi, na hesabu ya siku ikabaki palepale. Dereva aliyepoteza nauli sita kwa kila mzunguko alizitafuta kwa mizunguko mingi zaidi au kwa nauli ya juu zaidi. Kidhibiti mwendo kilifungwa asubuhi ya ukaguzi, kikafunguliwa mchana wa kazi.

Utafiti uliofanywa nchini mwetu unaunga mkono maelezo haya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu za masafa marefu, zikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011 madai ya bima yalipungua kwa nusu au hata zaidi. Karatasi ya bei ndogo ilifanya kazi iliyovishinda vizuizi vya polisi, kwa sababu ilimpa sauti mtu aliye ndani ya safari. Utafiti mwingine, wa Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer, uliwapa wenye matatu jijini Nairobi vifaa vya kufuatilia magari yao. Wenye magari walinufaika, madereva wakafanya kazi kwa muda mrefu zaidi na kuyachosha magari kidogo kuliko awali, lakini usalama haukuimarika. Tajiri alipopewa macho, aliyatumia kulinda gari lake. Hakuna aliyempa sababu ya kumlinda abiria.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya vyama. Kanuni za mwaka 2014 za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, zilimtaka kila mwenye matatu awe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Wazo lilikuwa zuri: chama kina ofisi, kina mwenyekiti, kinaweza kuitwa kikaadhibiwa. Katika njia nene ya Likoni hadi Ukunda vyama vimeleta utaratibu wa foleni stendini, na vijana wengi wamejifunza kuweka akiba kupitia huko. Shida ni kwamba sacco ni chama cha wenye magari. Hupanga foleni ili wanachama wagawane abiria kwa haki, jambo linaloeleweka, lakini haki hiyo ni baina yao wao kwa wao. Tena sharti la magari 30 halijali umbo la kaunti yetu. Njia ya kwenda Vanga au Shimoni haina abiria wa kulisha chama kizima, kwa hiyo magari yake hujiunga na vyama vya njia kubwa, na siku ya sikukuu au mwisho wa mwezi, fedha zinapokuwa kwingine, huelekea huko. Leseni inamruhusu mwenye gari kwenda Vanga. Hakuna mahali inapomlazimu.

Pengo hilo limezibwa na pikipiki. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo katika miaka ya 2007 na 2008, na baada ya miaka michache hapakuwa na njia panda Kwale isiyokuwa na kijiwe cha bodaboda. Bodaboda amefanya jambo ambalo hakuna waziri aliyelifanya: amefika mlangoni kwa mama mjamzito usiku wa manane. Mwenye kuwadharau vijana hawa hajawahi kuishi mbali na lami. Hata hivyo, kuna kinachosahaulika tunaposema soko limejitatulia tatizo. Kuingia katika kazi hiyo ni rahisi mno, mkopo wa pikipiki unapatikana, na ajira nyingine hazipo. Kwa hiyo vijana huongezeka hadi kipato cha kila mmoja kinapungua karibu na kutoweka, ilhali nauli haishuki, kwa kuwa mafuta na mkopo havipungui. Ndiyo maana kijiwe cha Kombani kinaweza kuwa na pikipiki nyingi zinazongoja mchana kutwa huku abiria akilipa ghali kuliko matatu. Hali hii wachumi waliiona Santiago, Chile, ambako mabasi yaliachiwa huru katika miaka ya 1980: mabasi yaliongezeka, mengi yakatembea nusu tupu, na nauli zikapanda badala ya kushuka. Tuktuk za Ukunda na barabara ya ufukweni Diani ziko katika njia hiyohiyo, zikiongezeka msimu wa wageni na kulala msimu wa mvua, na deni la mwenyewe halina msimu.

Taksi za Diani nitazitaja kwa ufupi tu, kwa kuwa zinahudumia watu wachache. Mageti ya hoteli yalikuwa na vyama vyake na orodha zake za bei. Mgeni alilindwa na bei inayojulikana, na dereva alilindwa na idadi ndogo ya wenzake. Programu za simu, zilizoanza Mombasa na Uber mwaka 2016, zilivunja mpango huo kwa kushusha nauli hadi madereva wakalia. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka ukomo wa asilimia 18 kwa kamisheni ya kampuni hizo. Ni hatua ya haki, na ina somo: kumbe serikali ikitaka inaweza kugusa mgawanyo wa fedha kati ya mwenye mfumo na mwenye jasho. Mbona haijawahi kuigusa hesabu ya matatu?

Nikisema safari nayo ipangwe, kuna hoja nzito dhidi yangu na sina haki ya kuzikwepa. Ya kwanza inasema acha watu washindane, nauli itashuka. Uingereza ilijaribu hivyo nje ya London kuanzia Oktoba 1986, na Manchester, mmoja wa miji iliyoguswa, ilirudisha mabasi yake yote chini ya mamlaka ya umma kati ya 2023 na Januari 2025. Na hapa kwetu ushahidi hutolewa kila mwezi. Bei ya mafuta inapangwa na serikali tangu mwisho wa 2010, na mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, huitangaza kila tarehe 14. Mafuta yakipanda, nauli hupanda kesho yake. Mafuta yakishuka, nauli hubaki palepale. Wakati wa korona mwaka 2020 nisani ziliruhusiwa abiria wanane tu na nauli zikapandishwa kwa sababu iliyoeleweka, lakini viti viliporudi kujazwa, katika njia nyingi nauli haikurudi ilikotoka. Soko lenye ushindani wa kweli halina tabia hii.

Hoja ya pili inasema serikali haijui kuendesha mabasi, na ushahidi wake ni Shirika la Mabasi ya Nyayo, lililoanzishwa mwaka 1986 na kuporomoka katikati ya miaka ya 1990. Nakubali kabisa. Sitaki kaunti inunue hata basi moja. Basi la umma likinunuliwa leo, kesho litasimama yadi likikosa betri. Ninachotaka ni kununua safari. Na wala sisemi kwamba kupanga nauli peke yake kunatosha, kwa kuwa jirani zetu wa upande wa pili wa mpaka wa Lunga Lunga wametuonyesha. Tanzania ina mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inayotangaza nauli za daladala hadharani. Desemba 2023 nauli ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600 za huko, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Abiria wa Tanga anajua anachodaiwa kabla hajapanda, na hilo ni jambo kubwa. Lakini pale nauli ilipopangwa bila safari kupangwa, madereva waligundua njia nyingine: wakakatisha ruti, wakawakataa wanafunzi. Bei bila wajibu hukwepwa, kama vile wajibu bila bei ulivyoiua Kenya Bus.

Kilichobadilika, na ambacho hatujakitumia, ni Katiba ya 2010. Jedwali lake la Nne linaipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na maegesho na barabara za kaunti. NTSA ina kazi yake ya kupima breki na kutoa leseni, iendelee nayo. Ila swali la basi la saa tatu usiku kutoka Ukunda kwenda Msambweni na Lunga Lunga ni swali la Kwale. Kaunti inaweza kuorodhesha safari ambazo soko halizitoi, zile za alfajiri na usiku, za Shimoni, Vanga na Kinango, kisha iziite sacco ziombe kazi hiyo; itakayodai ruzuku ndogo zaidi kwa kila safari iliyokamilika ndiyo ipewe, kwa miaka miwili au mitatu, ikiwa na nauli iliyobandikwa mlangoni na namba ya kupeleka malalamiko. Washindane mezani, wasishindane barabarani. Katika njia nene kama Likoni hadi Ukunda haihitajiki ruzuku; sacco itakayopewa haki ya kutumia stendi ilipe kwa wajibu, yaani iendeshe pia safari kadhaa za usiku, na iwalipe wahudumu wake mshahara badala ya kuwadai hesabu. Fedha za kuanzia zipo: ada za stendi zinazokusanywa kutoka kwa matatu, tuktuk na pikipiki zirudi kwenye usafiri badala ya kuzama katika mfuko mkuu.

Wengine wataona hatari ya vyama kugeuka miliki za wakubwa, mkataba ukauzwa kwa jamaa. Hatari hiyo ni ya kweli, na njia ya kuipunguza ni kuutangaza kila mkataba, nauli zake na safari zake, msikitini, sokoni na redioni, ili abiria wa Gazi ajue basi lake lilipaswa kupita saa ngapi na ni nani amelipwa kwa basi ambalo halikupita. Leo hawezi hata kulalamika, kwa kuwa hakuna ahadi iliyovunjwa.

Wakati wenyewe unatuharakisha. Barabara ya Dongo Kundu imefika kusini, madaraja ya Mwache na Mteza yalifunguliwa kwa magari mwaka 2024, na matatu sasa inaweza kutoka Mombasa hadi Diani bila kungoja feri. Njia mpya bado haijawa na wenyewe waliozoea. Njia ya zamani ilipofunguliwa kwa wote, tulichelewa, na miaka hamsini baadaye bado tunahangaika na matokeo yake. Bunge la Kaunti ya Kwale na lile la Mombasa, kaunti ambazo zina Jumuiya ya Kaunti za Pwani kama mahali pa kukutana, yaandike masharti ya safari za Dongo Kundu sasa: saa zake, nauli zake, na vituo vyake hadi Msambweni. Yasingoje stendi ijipange yenyewe ndipo yatume askari.